Kambi ya Mahema na Kambi ya Wazee

Neno tamasha lilifika katika Kiswahili kwa njia ndefu, kwani chimbuko lake ni mzizi wa Kiarabu wa kutembea, katika umbo lenye maana ya kutembea pamoja, kisha Waajemi wakalitwaa na kulipa maana ya matembezi ya kwenda kutazama vitu vya kupendeza, na lilipovuka Bahari ya Hindi pamoja na maneno mengine mengi likabakiwa na maana ya kutazama tu. Msemaji wa leo anapoeleza kwamba alikwenda kwenye tamasha, anachokusudia ni kwamba palikuwa na jukwaa, naye akalielekezea macho. Kumbukumbu zinazojadiliwa hapa, ambazo ni za marafiki watano wa Rabai waliokwenda Kilifi kwenye tamasha huru la muziki la siku kadhaa, zinaonyesha kwamba ile maana ya kwanza haikufa, bali imejificha, na kwamba hujitokeza pale mkusanyiko unapozidi usiku mmoja.

Kwa tamasha huru inakusudiwa mkusanyiko wa muziki ambao haumilikiwi na serikali wala haukuasisiwa ili kuuza bidhaa ya kampuni fulani, bali huendeshwa na watu walioamua kuuanzisha wenyewe, wakitegemea viingilio, wafadhili wa kubembelezwa na kazi ya kujitolea. Kwa tamasha la siku kadhaa inakusudiwa lile ambalo wahudhuriaji hulala palepale au jirani, wakapika, wakaoga, wakaumwa na kichwa, wakagombana na kupatana kabla ya kurudi makwao. Tofauti ya tamasha la namna hiyo na onyesho la usiku mmoja haimo katika urefu pekee. Mtu aweza kuvumilia kiu, au mazoea ya rafiki asiyejua kunyamaza, kwa muda wa saa sita akijua kwamba alfajiri itamkuta kwao; siku ya pili mambo hayohayo hayavumiliki tena, na watu waliokuja kama watazamaji hujikuta wamekuwa wanakijiji wa kijiji kisicho na mzee.

Hapo ndipo linapohitajika neno la pili, nalo ni kambi. Katika Kiswahili cha kawaida, kambi ni mahali watu wanapopiga mahema kwa muda. Katika lugha za Wamijikenda, yaani zile jamii tisa za pwani ya Kenya ambazo Warabai ni mojawapo, kambi ni baraza la wazee wa kaya, waliopanda ngazi za rika hadi ya juu, ambao neno lao likishatoka halibishaniwi sokoni. Kaya yenyewe ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu, yenye njia zake rasmi za kuingilia na fingo lake, yaani kago lililozikwa ardhini kuyalinda. Watu walihama kaya kidogo kidogo wakaenda kulima mabonde, misitu ikabaki chini ya uangalizi wa wazee, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa, zikiwemo za Rabai, katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto wa Rabai hukua akilisikia neno kambi kwa maana zote mbili bila kutatizika, na marafiki watano wanaohusika hapa walikuwa watoto wa namna hiyo. Hata hivyo iliwachukua usiku mmoja na nusu kukumbuka kwamba maana ni mbili.

Rabai ni mojawapo ya majimbo saba ya uchaguzi ya Kaunti ya Kilifi, lakini Mrabai anayeelekea makao makuu ya kaunti yake mwenyewe hulazimika kuchagua kati ya kushuka Mazeras, kuingia Mombasa na kupanda tena kaskazini, au kupita kwa nyuma kwa barabara ya Kaloleni inayotokea Mavueni, karibu na daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991. Marafiki hao walichagua njia ya nyuma, iliyo na vumbi zaidi na nauli ndogo. Tamasha walilolikusudia ni lile la kufungia mwaka, ambalo lilianza katika muongo wa 2010 likiitwa Kilifi New Year na baadaye likachukua jina la Beneath the Baobabs, yaani chini ya mibuyu, nalo huwakusanya wapenzi wa muziki kutoka Nairobi, Mombasa na nchi za mbali kwa siku kadhaa za kuuaga mwaka na kuupokea mwingine. Walikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkubwa wao kwa umri, ambaye wote walimwita Mwalimu ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa naye, muuguzi, fundi wa umeme, msichana aliyekuwa akisoma chuo kikuu, na wa tano, ambaye kazi yake pekee iliyojulikana ilikuwa kuandika mambo katika daftari. Mizigo yao ilikuwa mahema mawili, mkeka, sufuria, mfuko wa maembe, kwa kuwa Desemba ni msimu wake, na mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokuwa mtupu, kila mmoja akidhani kwamba mwenzake angeujaza njiani.

Siku ya kwanza haina mengi ya kusimuliwa, kwa sababu furaha ya siku ya kwanza hufanana mahali pote. Upepo wa kaskazi ulivuma, mibuyu ilisimama kama wazee waliokwisha kuona mengi, na muziki ulianza jua likiwa bado juu. Linalostahili kutajwa ni aina ya muziki wenyewe. Sehemu kubwa ilikuwa ya madijei, yaani wapigaji wa santuri na mashine wanaounganisha nyimbo zilizokwisha kurekodiwa ziwe mkondo mmoja usiokatika, na mdundo wake mkuu ni ule uitwao hausi, ambao huenda kati ya mapigo 120 na 130 kwa dakika, mwendo unaokaribia ule wa moyo wa mtu anayepanda mlima wa wastani. Mdundo huo haukusudiwi kusikilizwa kama wimbo wenye mwanzo na mwisho. Umetengenezwa ili mwili uuzoee, na mwili huuzoea baada ya saa moja au mbili, si baada ya dakika tano. Msikilizaji aliyelelewa kwa mwanzele, ngoma ya Warabai na jirani zao ambamo mwimbishaji hutoa ubeti na kundi likamjibu huku kayamba, kile chombo cha mabua kilichotiwa mbegu, kikisukwasukwa mikononi, haoni ugeni mkubwa katika tabia hiyo ya kurudiarudia, ila huona upungufu mmoja: mashine haingoji jibu. Fundi wa umeme, ambaye alitumia sehemu nzuri ya usiku huo akichunguza nyaya za spika badala ya kucheza, alitoa hukumu kwamba ngoma isiyoweza kusikia waitikiaji ni sawa na mgeni anayeongea chakulani bila kupumua. Hukumu hiyo ilikuwa kali kupita kiasi, na yeye mwenyewe aliivunja kabla ya alfajiri.

Siku ya pili ndiyo iliyofunza. Asubuhi ilibainika kwamba hema moja lilikuwa limesimamishwa juu ya njia ya siafu, jambo ambalo mtoto yeyote wa shamba angeliona mchana, na ambalo watu wazima watano hawakuliona jioni kwa sababu walikuwa na haraka ya kwenda jukwaani. Mtungi ulikuwa bado mtupu. Fedha za kikundi, ambazo kila mmoja alikuwa ametoa sehemu yake huko Rabai na kuzituma katika simu moja, zilikuwa zimepungua kwa kiasi ambacho hakuna aliyeweza kukieleza, si kwa wizi, bali kwa sababu kila mmoja alikuwa akimwomba mwenye simu alipie kitu kidogo, na vitu vidogo vitano mara kumi si kidogo tena. Kufikia adhuhuri, msichana wa chuo alikuwa hasemi na muuguzi, fundi alikuwa amelala chini ya mbuyu mwingine mbali na wenzake, na Mwalimu, ambaye kwa umri wake angepaswa kusema neno, alikuwa ameamua kwamba amekuja likizo.

Ikumbukwe kwamba hawa hawakuwa watu wasiojua kuishi pamoja. Kila mmoja wao alikuwa amekesha katika harusi na matanga yasiyohesabika, ambamo watu mia mbili hulishwa kwa siku nne bila tangazo lolote, kwa kuwa kuna anayejulikana kuwa mkuu wa wapishi, kuna wa kuni, kuna wa kuandika michango katika daftari, na kuna mzee ambaye kazi yake ni kukaa kitini tu na kuulizwa. Walichokosa ni kutambua kwamba hapa pia palikuwa pahali pa namna hiyo. Uzio, utepe wa mkononi na taa za rangi viliwafanya waamini kwamba kuna mtu mwingine aliyepewa jukumu la maisha yao, ilhali waandaaji wa tamasha, popote pale, huweza kuandaa jukwaa, vyoo, ulinzi na tiba, lakini hawawezi kuwaandalia marafiki urafiki wao.

Aliyeanza kulirekebisha jambo hilo alikuwa muuguzi, kwa maneno machache ambayo daftari limeyahifadhi kwa maana yake: alimwendea Mwalimu, akamwambia kwa heshima, lakini bila kuzunguka, kwamba mkubwa akikaa kimya wadogo hupotea, na kwamba ikiwa yeye yuko likizo, basi na atangaze ili atafutwe mwingine. Jioni hiyo, kabla ya mtu yeyote kwenda jukwaani, wote watano walikaa mkekani. Mwalimu hakuuliza nani alikosa. Aliuliza kila mmoja anajua kufanya nini bila kusukumwa, na kwa majibu hayo kazi zikagawanywa: muuguzi akashika fedha, fundi akashika maji na kuchaji simu, msichana wa chuo akapewa chakula kwa kuwa ndiye pekee aliyekwisha kumjua mama wa mahamri na mbaazi barabarani, na mwenye daftari akapewa kazi ya kulala mapema na kuamka mapema ili hema lisiachwe bila mtu. Ikakubaliwa pia kwamba atakayepotea asubiri chini ya mbuyu wenye tundu kubwa, kila baada ya saa mbili. Kikao kilichukua muda mfupi kuliko wa kupika chai.

Kilichofuata hakikutarajiwa. Majirani wa hema la tatu, vijana wa Nairobi ambao walikuwa na matatizo yaleyale ila wakiwa na vifaa bora zaidi, walikuja kuuliza kama wanaweza kuchangia maji kwa zamu. Kesho yake wakaja wengine wawili waliosafiri kutoka Ulaya. Na kufikia jioni ya tatu, swali lililosikika katika sehemu hiyo ya uwanja lilikuwa ni baraza litaanza saa ngapi. Mwalimu aliamkiwa shikamoo na vijana ambao siku mbili kabla walimpita bila kumtazama. Katika kikao cha mwisho msichana wa chuo aliimbisha mwanzele akipigia mgongo wa mtungi mtupu, Warabai wenzake wakamwitikia, na wasiojua lugha wakajifunza kiitikio kwa sauti tu, jambo ambalo huchukua dakika chache pale mwimbishaji anapokuwa na subira. Mtu asiyekuwapo aweza kulidharau tukio hilo kwa udogo wake, kwani halikuwa katika ratiba wala halikurekodiwa. Lakini katika daftari ndilo lililoandikwa kwa kurasa nyingi zaidi kuliko wanamuziki wote wa jukwaa kubwa.

Pengine haishangazi kwamba mwanzele uliweza kuhama hivyo, maana muziki wa eneo hili una historia ya kukaa na wageni. Rabai ilipokea kituo cha wamisionari mwaka 1846, pale Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann wa shirika la CMS walipopewa ruhusa na wazee kukaa, na baadaye watumwa walioachwa huru wakapata makao hapo na Freretown, kitongoji cha Mombasa kilichoanzishwa na shirika hilohilo katika miaka ya 1870. Katika mazingira hayo ya nyimbo za kanisa, tarumbeta na ngoma za Kimijikenda ndimo alimokulia Joseph Ngala, anayejulikana zaidi kwa jina la Mzee Ngala, mpiga saksafoni aliyeupatia muziki wa bango jina na umbo lake, muziki ambao hadi leo huchezwa katika harusi za pwani na watu wa rika zote kwa wakati mmoja. Bango haina haja ya uzio, na labda ndiyo sababu wenye kuandika juu ya muziki wa kisasa wa Kenya huisahau kirahisi.

Suala la nani anashika fedha na nani anashika maji haliishii katika mahema. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, ambalo lilianza mwaka 2004 na hufanyika kila Februari ndani ya Ngome Kongwe na maeneo ya jirani ya Mji Mkongwe, limejijengea jina kwa kusisitiza muziki unaopigwa na kuimbwa papo hapo, na kwa viingilio vya ngazi ambavyo humwezesha Mtanzania kulipa kidogo kuliko mtalii. Hata hivyo tamasha hilo, pamoja na sifa zake zote, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha za kutosha, likarudi mwaka 2017. Wafuatiliaji wengi waliliona pengo hilo kama aibu. Mtazamo mwingine, unaoelekea kuwa sahihi zaidi, ni kwamba kukaa mwaka mmoja bila kufanya ni tendo la baraza lililo hai, kwa kuwa kikundi kisicho na mwenye neno huendelea kuburura sherehe hadi ianguke mbele ya wageni. Huko Goma, mji ambao waasi wa M23 waliuteka Novemba 2012, tamasha la Amani lilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014 kwa nguvu za watu wa kujitolea, wakati ambapo uamuzi wa kufanya ulihitaji ujasiri kuliko uamuzi wa kuahirisha. Na Jinja, Uganda, kuna tamasha la Nyege Nyege lililoanza mwaka 2015, ambalo jina lake kwa Kiganda huhusishwa na hamu ya ghafla ya kucheza, na ambalo Mswahili hawezi kulitamka mbele ya mama mkwe. Serikali ilitaka kulizuia mwaka 2018 ikarudi nyuma, na ndilo lililousaidia muziki wa singeli wa Dar es Salaam, wenye mapigo yanayopita 200 kwa dakika, kufika katika majukwaa ya Ulaya.

Karibu zaidi na nyumbani, mfano mgumu ni ule wa disko matanga. Kwa jina hilo hujulikana mikesha ambayo familia iliyofiwa, au watu wanaojipa kazi ya kuisaidia, hukodi spika na dijei usiku wa kuamkia mazishi, kwa hoja ya kukusanya michango. Maafisa wa utawala katika Kilifi wameipiga marufuku mara kadhaa, wakiihusisha na mimba za wanafunzi na ugomvi wa usiku, na madhara hayo si ya kubuni, kama muuguzi yeyote wa zahanati ya eneo hilo anavyoweza kushuhudia. Lakini marufuku hiyo huilenga spika. Hanga, kama Wamijikenda wanavyoyaita matanga, daima yalikuwa na muziki wa usiku kucha, na ngoma ya kifudu ya maombolezo haikuwa ya kunong'ona. Kilichobadilika ni kwamba mwenye spika, ambaye ni mgeni aliyelipwa, alichukua kiti cha yule mzee wa kuulizwa, naye hakuna anayemuuliza. Inaudhi pia kuona kwamba usiku wenye kiingilio cha maelfu ya shilingi huitwa utalii, na usiku wa maskini kijiji cha pili huitwa uhalifu, ilhali mdundo ni uleule na saa ni zilezile. Dawa yake ni kambi, kwa maana ya Kirabai, katika sehemu zote mbili.

Kuna jambo moja ambalo kikao cha mkekani hakikuweza kulitatua. Katika tamasha la Kilifi kumekuwa na desturi ya kuchoma umbo kubwa la mbao wakati wa kuuaga mwaka, na umati hushangilia miali inapopanda. Miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya jamaa zao wa Kimijikenda, mbao zilizochongwa kwa heshima ya wazee waliofariki, ziitwazo vigango, haziguswi wala kuhamishwa baada ya kusimamishwa, na huachwa zioze zenyewe. Wizi wa vigango hivyo kwa ajili ya soko la sanaa ng'ambo ulikuwa jeraha kiasi kwamba viwili vilivyorudishwa kutoka makumbusho ya Marekani mwaka 2007 vilipokewa kama jamaa waliopotea. Umbo la tamasha si kigango, na hakuna aliyedai hivyo. Hata hivyo Mwalimu alisimama mbali na moto ule akiwa amevua kofia, na alipoulizwa na vijana wa Nairobi kama amechukizwa, aliwajibu kwamba hapana, ila mbao zikiwaka usiku mtu wa kwao hunyamaza kwanza, kisha ndipo huamua kama atacheza. Vijana wawili walivua kofia zao pia. Wengine waliendelea kucheza, na Mwalimu hakuwalaumu.

Tarehe 2 Januari walirudi kwa njia ileile ya Kaloleni. Muuguzi alisoma hesabu ndani ya matatu, kwa sauti, mbele ya abiria wengine: zilibaki shilingi 340, na zikanunua viazi karai Mazeras kwa watu watano. Desemba iliyofuata walikwenda tena wakiwa saba, na mtungi ulijazwa Rabai.